Natafuta kitabu kuhusu ADHD ambacho mtu mzima mwenye ADHD anaweza kukimaliza

MwalimuWaNjoro aliuliza:

Hamjambo ndugu na dada. Mimi ni mwalimu wa shule ya upili, nina umri wa miaka 37, na ninaishi Njoro, mwendo wa matatu moja kutoka mjini Nakuru. Mwezi wa Februari daktari wa magonjwa ya akili alinieleza, baada ya vikao vitatu na baada ya kuzungumza na mama yangu kwa simu, kwamba nina ADHD, yaani ule upungufu wa umakini ambao wengi wetu tumezoea kuuhusisha na watoto watukutu wasiotulia darasani. Mimi sikuwa mtukutu hata siku moja. Nilikuwa yule msichana wa dawati la nyuma anayetazama mvua ikinyesha, ambaye ripoti yake ya kila muhula iliandikwa kwamba angefanya vyema zaidi kama angejitahidi, ilhali nilikuwa nikijitahidi mpaka kichwa kinauma.

Wiki mbili zilizopita niliketi mezani saa mbili usiku ili nisahihishe insha 46 za Kidato cha Tatu. Nilipofika insha ya tatu kalamu nyekundu ikafifia. Nikainuka kutafuta nyingine, nikafungua droo, nikakuta imejaa stakabadhi, nikaanza kuzipanga mwezi kwa mwezi, na kufikia saa saba usiku nilikuwa na stakabadhi za miaka minne zilizopangika vizuri kuliko za mhasibu yeyote, pamoja na insha mbili zilizosahihishwa. Asubuhi niliulizwa alama mbele ya wenzangu katika chumba cha walimu, na sikuwa na jibu ambalo lisingesikika kama uongo.

Kwa hiyo nikafanya lile ambalo mwalimu hufanya akishindwa na jambo, nikanunua vitabu. Sasa ninavyo vinne. Viwili ni vya motisha, nilivyovipata kwa wauzaji wa mtumba kando ya Barabara ya Kenyatta, navyo vinaniagiza niamke saa kumi na moja alfajiri na kujiwekea malengo ya miaka mitano, wakati jioni ya leo tu inanishinda. Viwili vingine vinahusu ADHD yenyewe, lakini kimoja kiliandikiwa wazazi, na cha pili kina kurasa zaidi ya 300 za maandishi yaliyobanana. Vyote vinne vina kipande cha karatasi kilichochomekwa mahali fulani kati ya ukurasa wa 19 na wa 34.

Naomba mwenye hali hii, au anayeihudumia, anieleze ni kitabu gani kilimsaidia kubadilisha jambo moja linaloonekana kwa macho, na alikisomaje mpaka kikamsaidia. Dawa nimeanza, na ninaendelea na daktari wangu, kwa hiyo siulizi kuhusu tiba. Nauliza kuhusu vitabu.

TabibuWaLurambi alijibu:

Pole, mwalimu, na hongera kwa kufika kwa daktari, kwa kuwa wengi hufika kwenye vitabu kwanza na kwa daktari hawafiki kabisa. Mimi ni afisa wa kliniki hapa Kakamega na nitaanza na neno kwa wasomaji wengine wanaojitambua katika insha zako 46. Lipo dodoso fupi la kujipima la watu wazima, liitwalo ASRS, lililoandaliwa kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani, lenye maswali 18, ambayo sita ya mwanzo ndiyo hutumika kuchuja. Linapatikana bila malipo na hujazwa kwa dakika chache. Hata hivyo, dodoso hilo halimpi mtu jina la ugonjwa, kwa maana mtu aliyekosa usingizi kwa miezi, mwenye sonona, mwenye wasiwasi mwingi au mwenye hitilafu ya tezi ya shingo anaweza kujibu vilevile. Ndiyo sababu daktari wako alimtafuta mama yako. Kwa mujibu wa mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili wa mwaka 2013, ambao madaktari wengi huufuata, dalili kadhaa ni lazima ziwe zilikuwapo kabla ya umri wa miaka 12, na zionekane katika mazingira mawili au zaidi, si kazini peke yake. Kwa mtu wa miaka 17 na kuendelea zinatosha dalili tano, wakati kwa mtoto hutakiwa sita.

Sasa vitabu. Ninapoulizwa na wagonjwa, kwanza humtaja Russell Barkley, mwanasaikolojia wa Marekani aliyetumia maisha yake kuichunguza hali hii, na kitabu chake Taking Charge of Adult ADHD, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 2010. Hoja yake kuu ni kwamba mwenye ADHD kwa kawaida anajua vizuri la kufanya, lakini kulifanya mahali panapotakiwa na wakati unaotakiwa ndiko kunakomshinda. Wakati wenyewe hauoni: kuna sasa, na kuna baadaye isiyo na umbo. Kwa hiyo kumwongezea maarifa hakumsaidii sana. Kinachomsaidia ni kuweka kikumbusho, saa, na hata thawabu ndogo palepale tendo linapofanyika, nje ya kichwa chake. Mwalimu, nadhani unaona mara moja kwa nini vile vitabu vya malengo ya miaka mitano vilikushinda.

Kasoro ya kitabu hicho ni kwamba mwandishi hana upole mwingi. Anapoeleza madhara ya hali hii barabarani, kwenye fedha na katika ndoa, msomaji aliyeamka vibaya anaweza kukifunga na kulala tena. Kisome siku ambayo umekula na kulala vizuri. Mihadhara yake pia ipo YouTube bila malipo, nayo ndiyo huwapa wale wanaoniambia kwamba macho yao hayavumilii ukurasa.

VipuriKibuye alijibu:

Mwalimu, nimesoma habari ya kalamu nyekundu nikacheka peke yangu dukani, kisha sikucheka tena. Ninauza vipuri vya pikipiki hapa Kisumu, karibu na soko la Kibuye, na nilijulishwa hali yangu miaka mitatu iliyopita, nikiwa na miaka 41, baada ya kuagiza cheni za modeli moja mara tatu kwa mwezi kwa sababu kila mara nilisahau kwamba nilikwisha kuagiza.

Nilianza na Driven to Distraction cha Edward Hallowell na John Ratey, kilichotoka mwaka 1994. Waandishi wake ni madaktari wa akili ambao wao wenyewe wana hali hii, na kimejaa visa vya watu. Nilikisoma mpaka karibu nusu, nacho ndicho kitabu cha pekee kilichowahi kunifanya niingie chumbani nimwite mke wangu aje asikie ukurasa mmoja, kwa kuwa alikuwa ameishi na ukurasa huo kwa miaka 14 bila kujua jina lake. Kwa kujitambua na kwa kupunguza aibu, sijaona cha kukishinda. Lakini baada ya kujitambua, duka lilibaki vilevile. Tena Hallowell huelekea kuiona hali hii kama kipaji kinachohitaji kufunguliwa, jambo ambalo Barkley hakubaliani nalo, na mimi katika hili niko upande wa Barkley. Cheni zangu 36 zilizokosa mnunuzi hazikuwa kipaji.

Kilichobadilisha jambo linaloonekana kwa macho, kama ulivyouliza, ni kitabu cha mazoezi kiitwacho Mastering Your Adult ADHD, cha Steven Safren na wenzake, ambacho toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2005 na la pili mwaka 2017. Angalia ununue kile cha mgonjwa, kwa sababu kuna kingine cha jina hilohilo kilichoandikiwa mtaalamu anayemwongoza mgonjwa. Chembamba, kina nafasi za kujaza, na mtu hakisomi bali anakifanya. Njia iliyomo ilipimwa na Safren na wenzake katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, kwa watu wazima 86 waliokuwa wakitumia dawa lakini bado wana dalili, na wale walioifuata kwa vikao 12 walipata nafuu kuliko wenzao waliofundishwa kutuliza mwili na kupewa maelezo kuhusu hali yao. Sharti niseme ukweli kwamba watu hao walikaa na mtaalamu ana kwa ana, hawakupewa kitabu wakaachwa. Hilo lilinifundisha jambo nitakalolieleza hapa chini.

Kitabu kinaanza na mambo mawili tu, kalenda moja na daftari moja la kazi, na kinalisisitiza neno hilo “moja”. Mimi nilikuwa na vipande vya karatasi mfukoni, ujumbe wa simu, maandishi kwenye maboksi ya plagi na hata kwenye kiganja. Sasa daftari langu limefungwa kwa uzi wa nailoni kwenye msumari wa kaunta, na haliwezi kwenda popote. Fundi akija akasema nimwekee beringi mbili mpaka Ijumaa, haandikiwi kwingine. Mwanzoni nililibeba, nikaliacha kwenye bodaboda mara moja, na baada ya hapo ndipo uzi ulipoingia.

Sehemu inayofuata ndiyo iliyoniokoa, na nadhani ndiyo itakayokufaa kwa insha. Unajipima kwanza: unaanza kazi inayokuchosha, unatazama saa, na unaandika ni dakika ngapi zimepita kabla ya kutamani kuinuka. Mimi katika kuhesabu bidhaa nilipata dakika 11. Nilikuwa nikijiona mtu wa saa mbili mfululizo, na kila siku nikijishangaa kwa nini nimeshindwa. Basi kazi inakatwa vipande vinavyoingia katika dakika zako, si katika zile unazotamani uwe nazo. Halafu unaweka karatasi kando. Wazo jingine likija, kama lako la kutafuta kalamu kisha stakabadhi, hulifuati wala hulipingi. Unaliandika kwenye karatasi hiyo, unarudi kwenye kazi, na kengele ikilia ndipo unaitazama orodha uone kama lina maana. Karatasi yangu ya juzi ilikuwa na mambo haya: kubadilisha balbu ya choo, kumuuliza shemeji bei ya mahindi Luanda, kujua kwa nini kiboko hutoka jasho jekundu. Kengele ilipolia nilibadilisha balbu. Habari ya kiboko nilimwachia kiboko.

Sasa lile nililosema. Kwa kuwa sikuwa na mtaalamu wa kunikalisha kila wiki, nilimwomba binamu yangu, ambaye ni fundi cherehani, aje na kazi yake ya mkono Jumatatu jioni akae nami nusu saa. Hasomi kitabu, hanifundishi, na mara nyingi hatuzungumzi. Anapiga vifungo, mimi najaza kurasa zangu. Siku asipokuja, kurasa hazijazwi. Sitaki kuupamba ukweli huo.

Onyo moja: mifano ya kitabu imetoka Marekani, kwa hiyo kuna habari za barua zinazoletwa nyumbani kila siku, za ofisi yenye mlango wa kufungwa, na za kompyuta ya mezani. Usikikasirikie. Badala ya barua, fikiria ujumbe wa M-Pesa, na badala ya ofisi, fikiria kaunta yenye wateja wanne.

MstaafuWebuye alijibu:

Nawasalimu nyote kwa heshima. Niliongoza shule kwa miaka 22 na nimesoma maelezo haya kwa makini, ila nakiri kwamba nina shaka. Walimu wa wakati wetu walikuwa na madarasa makubwa kuliko ya leo, hawakuwa na simu za kuwalia kengele, na insha zilisahihishwa. Je, hatujaanza kutafuta kitabu kwa kila udhaifu ambao zamani ulimalizwa na nidhamu na kuinuka mapema?

TabibuWaLurambi alijibu:

Mzee wangu, swali lako ni halali, na nitalijibu kwa upande wa historia tu. Daktari wa Uskoti aitwaye Alexander Crichton aliandika mwaka 1798 kuhusu watu wasioweza kushikilia umakini wao. Mwaka 1902 George Still aliwahutubia madaktari wenzake jijini London kuhusu watoto wa namna hiyo, na mwaka 1937 Charles Bradley wa Marekani aligundua kwamba dawa ya kuchangamsha mwili iliwatuliza baadhi yao na kuwawezesha kusoma. Simu ya mkononi haikuwapo katika habari zote hizo tatu. Kuhusu nidhamu, nakuomba usome tena maneno ya mwalimu: alikaa macho mpaka saa saba usiku akifanya kazi. Mvivu angelala.

MstaafuWebuye alijibu:

Nimekuelewa, daktari. Namkumbuka mwalimu mmoja wa Hisabati, hodari darasani kuliko wote niliopata kuwa nao, ambaye nilimwandikia barua tatu za onyo kwa sababu ya rejista ya mahudhurio. Sitasema zaidi.

RafuYaKisumu alijibu:

Mimi ni mkutubi, na nitajibu lile ambalo wakutubi huulizwa: vitabu hivi viko wapi. Maktaba zinazopanga vitabu kwa mfumo wa Dewey huweka vitabu vya motisha na vya kujiendeleza kwenye nambari 158, na huko ndiko watu wengi hupotelea. Vitabu kuhusu ADHD ya watu wazima huwekwa kwenye 616.8589, pamoja na matatizo mengine ya akili na ya kujifunza, ilhali vile vya watoto huenda kwenye 618.928589. Mwalimu, kile kitabu chako cha wazazi bila shaka kina nambari hiyo ya pili. Ukienda maktaba ya Nakuru, na wenzetu wa Kakamega na Kisumu vilevile, nenda moja kwa moja kwenye 616.8589, na kama huoni unachotaka, mwachie mkutubi jina la kitabu na la mwandishi kwa maandishi, kwa kuwa ombi lililoandikwa hukumbukwa wakati wa kununua vitabu vipya na lile la mdomo husahauliwa.

Naongeza vitabu viwili. Women with Attention Deficit Disorder cha Sari Solden, cha mwaka 1995, kiliandikwa wakati ambapo wachache waliamini kwamba wasichana watulivu wa dawati la nyuma wangeweza kuwa na hali hii, na sura zake kuhusu aibu ya nyumba isiyopangika zinawagusa wasomaji wangu wa kike kuliko kitu kingine, ingawa maelezo yake ya kitabibu yamezeeka. Cha pili ni How to ADHD cha Jessica McCabe, cha mwaka 2024. Yeye si daktari. Ana hali hii mwenyewe, na alianza mwaka 2016 kwa kutengeneza video fupi za YouTube, ambazo zinaweza kutazamwa kabla ya kutumia hata shilingi moja. Anayependa sauti yake kwenye video atakipenda kitabu, na asiyeipenda atakuwa ameokoa fedha zake.

Tena kabla ya kununua chochote, soma sura ya mfano ambayo wachapishaji wengi huiweka mtandaoni. Mimi huwashauri wasomaji waruke utangulizi na kufungua ukurasa wa katikati. Kama ukurasa huo haukuambii ufanye nini leo, kitabu kizima hakitakuambia.

MwalimuWaNjoro alijibu:

Nimerudi baada ya wiki tatu, na ninaomba radhi kwa kimya, kwani nilikuwa nimeandika kwenye kiganja kwamba niwajibu.

Sikununua vitabu vyote mlivyotaja, ingawa usiku ule wa kwanza niliviweka vyote vitano kwenye orodha ya ununuzi na kidole kilikuwa tayari. Nilinunua cha mazoezi peke yake, dada yangu akaniletea kutoka Nairobi. Vile vya motisha nimemrudishia muuzaji wa mtumba, naye akanipa kamusi. Mihadhara ya Barkley naisikiliza ninapofua, na maneno ya Tabibu kuhusu kuweka msaada palepale pa tendo yamenifanya nifunge kalamu nyekundu mbili kwa uzi kwenye mfuko wa insha, kama daftari la ndugu wa Kibuye.

Dakika zangu ni 14. Nilizipima mara nne, nikitumaini zitaongezeka, na hazikuongezeka. Insha moja huchukua dakika sita au saba, kwa hiyo nasahihisha mbili, kengele inalia, nainuka nazunguka meza, narudi. Mwalimu wa Kemia ambaye ni jirani yangu huja na maandalio yake ya masomo Jumanne na Alhamisi, tunakaa meza moja bila mazungumzo, na chai inapoa. Karatasi yangu ya kando ilijaa pande zote mbili siku ya kwanza. Insha 41 zimesahihishwa na alama zimeingizwa. Tano ni za wanafunzi ambao mwandiko wao unahitaji mchana.

Katika kitabu nimefika mahali pa kupanga karatasi na barua, na hapo nimekwama. Ndugu wa Kibuye, ulisema tufikirie ujumbe wa M-Pesa badala ya barua. Nina jumbe 2,300 ambazo hazijafunguliwa. Ulianzia wapi?

VipuriKibuye alijibu:

Nilianzia leo, mwalimu. Za jana kurudi nyuma sikuzigusa, na mpaka sasa sijazigusa. Kila jioni kabla ya kufunga duka nafungua za siku hiyo tu, ambazo ni chache, na kila moja naiamua palepale: ya kufuta, ya kuandika kwenye daftari, au ya kulipa kabla sijafunga kufuli. Kama katika zile 2,300 kuna mtu unayemdai au anayekudai, atapiga simu.